Salinas hadi Bronx: Safari ya lori hupangwa kabla injini haijawashwa

MAKALA MAALUMU

*Dereva wa masafa marefu nchini Marekani huvuka majimbo 12 kutoka pwani moja hadi nyingine akiwa na mipaka ya saa, uzito, kimo na hali ya hewa. Sheria humwandama yeye, ilhali muda wake umeshikwa na watu wengine.*

Lori la jokofu linalopakia letusi katika bonde la Salinas, jimboni California, na kutakiwa kuifikisha katika soko la jumla la mazao la Hunts Point, eneo la Bronx jijini New York, lina safari ya karibu maili 3,000, yaani kilomita zipatazo 4,800. Njiani hukatiza California, Nevada, Utah, Wyoming, Nebraska, Iowa, Illinois, Indiana, Ohio, Pennsylvania, New Jersey na New York, na kila jimbo lina polisi wake, tozo zake na kanuni zake za kimo na urefu wa magari.

Letusi huhifadhiwa katika baridi inayokaribia kugandisha maji, na kila siku inayopita huipunguzia thamani, hivyo mnunuzi hutaka ifike mapema. Kwa upande mwingine, sheria ya shirikisho, yaani ile inayofungamanisha majimbo yote, inamwekea dereva kikomo cha saa za kuendesha, na dereva huyo kwa kawaida yuko peke yake, bila utingo wala msaidizi wa kumpokea usukani.

Baina ya haraka ya soko na kikomo cha sheria ndipo linapozuka swali ambalo wasafirishaji wengi hulijibu wakiwa wamekwisha chelewa: je, safari hii inawezekana kihalali na kwa usalama, na ni nani anayepaswa kuipigia hesabu kabla mzigo haujakubaliwa?

Sheria zilivyojengwa

Mamlaka ya serikali kuu ya Marekani juu ya malori yanayovuka mipaka ya majimbo yalipata msingi mwaka 1935, Bunge lilipopitisha sheria ya wachukuzi wa magari, na kufikia mwaka 1938 kanuni za kwanza za saa za kazi za madereva zilikuwa zimeanza kutumika. Mwaka 1956, chini ya Rais Dwight Eisenhower, ilipitishwa sheria iliyogharimia mtandao wa barabara kuu za majimbo, ambamo barabara zenye namba shufwa huelekea mashariki na magharibi, na zenye namba witiri huelekea kaskazini na kusini.

Barabara ya 80, maarufu kama I-80, ni mojawapo ya barabara hizo, nayo huanzia San Francisco na kuishia Teaneck, New Jersey, mwendo mfupi kabla ya mto Hudson. Kwa lori la Salinas hiyo ndiyo njia ya kawaida, kwani likishafika Sacramento linaweza kubaki juu yake karibu hadi mwisho wa safari.

Mwaka 1980 Bunge liliondoa sehemu kubwa ya udhibiti wa nauli za mizigo na kufungua soko kwa kampuni mpya, jambo lililoongeza ushindani na kubana mapato. Madereva wengi wakawa wanalipwa kwa maili wanazoendesha badala ya saa wanazofanya kazi, na kwa kuwa sheria ya kazi ya mwaka 1938 haiwapi madereva wa namna hii haki ya malipo ya saa za ziada, muda wanaoupoteza wakisubiri kupakia mara nyingi hauwaingizii chochote.

Leseni ya udereva wa magari ya biashara yenye viwango vya kitaifa ilitokana na sheria ya mwaka 1986, na tangu mwaka 2000 usimamizi wa usalama umekuwa chini ya mamlaka ya shirikisho ijulikanayo kwa kifupi kama FMCSA. Dereva anayevuka mipaka ya majimbo anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 21 na cheti halali cha afya.

Hesabu ya saa

Kanuni za saa za kazi ndizo uti wa mgongo wa mpango wowote wa safari, na kwa dereva wa mizigo zina mihimili minne inayopaswa kusomwa kwa pamoja. Kwanza, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, dereva anaweza kuendesha saa 11 na si zaidi. Pili, saa hizo 11 lazima ziangukie ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi yoyote, iwe ni kukagua gari, kujaza mafuta au kusubiri kupakiwa.

Tatu, akishaendesha saa 8 kwa jumla, lazima asitishe uendeshaji kwa dakika 30. Nne, kwa kampuni inayofanya kazi kila siku ya juma, dereva haruhusiwi kuendesha akishatimiza saa 70 za kazi katika siku 8, mpaka hesabu ipungue au apumzike saa 34 mfululizo na kuanza upya.

Kanuni hizo zikiwekwa juu ya ramani, ndipo ugumu unapoonekana. Kwa mwendo wa wastani wa maili 55 kwa saa, maili 3,000 zinahitaji karibu saa 55 za kuendesha, sawa na zamu tano kamili za saa 11. Ukaguzi wa kila siku, mafuta, mizani, upakiaji na upakuaji vikichukua saa 9, jumla inakuwa saa 64, na dereva anabaki na akiba ya saa 6.

Lakini wastani wa maili 55 ni matumaini makubwa, kwa sababu California yenyewe hairuhusu lori lenye trela kuzidi mwendo huo, na njia ina milima, msongamano na majira ya baridi. Wastani ukishuka hadi maili 50, saa za kuendesha zinafika 60, na pamoja na zile 9 za kazi nyingine jumla ni 69, ikimaanisha kwamba saa 1 tu imebaki ya kukabili dharura zote za nchi nzima.

> Wastani wa mwendo ukishuka kutoka maili 55 hadi 50 kwa saa, akiba ya dereva inashuka kutoka saa 6 hadi saa 1.

Hesabu hiyo, isitoshe, inachukulia kwamba dereva ameanza safari akiwa na saa zake zote 70. Yule aliyekwisha tumia saa 20 katika juma hilo hawezi kufika Bronx kwa ratiba ileile bila kuvunja sheria au kusimama njiani kupumzika saa 34, na ukweli huu unafahamika kabla hajapakia hata sanduku moja.

Nafuu yenye hatari ndani yake

Kwa mazao ya shamba kuna nafuu ambayo mpangaji wa safari anapaswa kuielewa vyema. Ndani ya duara la maili 150 za anga, ambazo ni ndefu kuliko maili za kawaida, kutoka mahali mazao yanapopakiwa, umbali unaolingana na kilomita 278 hivi, kanuni za saa hazitumiki katika majira ya kilimo, hivyo kusubiri na kuendesha ndani ya duara hilo hakuhesabiwi.

Kwa mzigo wa Salinas, ukingo wa duara hilo unaangukia kwenye vilima vya magharibi vya safu ya Sierra Nevada, ng'ambo ya Sacramento, pale hasa barabara inapoanza kupanda kuelekea kilele cha Donner. Dereva aliyeamka alfajiri, akasubiri nusu siku shambani na kuendesha saa kadhaa bondeni, anaweza kuukabili mlima huo usiku akiwa na saa 11 kamili katika kumbukumbu zake, ingawa mwili wake umekwisha choka.

Sheria imeliona pengo hilo kwa kiasi fulani, kwani kanuni nyingine inakataza dereva kuendesha, na kampuni kumruhusu aendeshe, ikiwa uchovu au ugonjwa umepunguza au unaelekea kupunguza uangalifu wake. Mpango mzuri hauishii kwenye hesabu ya saa zilizobaki katika mashine inayozirekodi, bali unauliza pia dereva alilala lini na kwa muda gani.

Uzito na mahali ulipokaa

Katika barabara kuu za majimbo, uzito wa lori pamoja na mzigo kwa kawaida haupaswi kuzidi pauni 80,000, yaani kilo 36,287. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulinganisha na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoruhusu hadi tani 56, lakini kwa gari lenye ekseli saba, ilhali lori la kawaida la Marekani lina ekseli tano.

Jumla hiyo peke yake haitoshi. Ekseli moja hairuhusiwi kubeba zaidi ya pauni 20,000, na jozi ya ekseli zilizokaribiana haizidi pauni 34,000. Zaidi ya hapo kuna kanuni ya madaraja, ambayo hukokotoa uzito unaoruhusiwa kwa kuangalia idadi ya ekseli na umbali kati yake, kwa sababu uzito uliorundikana mahali pamoja huumiza daraja kuliko uzito uleule uliosambazwa.

Kwa hiyo lori lenye pauni 79,000 linaweza kukamatwa ikiwa mzigo umeegemea nyuma. Dawa yake ni kusogeza ekseli za trela nyuma, ili sehemu ya uzito ihamie kwenye ekseli za kichwa cha lori, lakini California inazuia ekseli ya mwisho ya trela la futi 53 kuwa zaidi ya futi 40 kutoka pini inayounganisha trela na kichwa. Marekebisho yanayokubalika Nevada huenda yasikubalike mahali safari inapoanzia.

Hata mafuta yana nafasi katika hesabu hii, kwa kuwa galoni 200 za dizeli zina uzito wa pauni 1,400 hivi, sawa na kilo 635. Mpangaji makini hupima lori kwenye mizani ya biashara mara tu baada ya kupakia, akiwa bado karibu na ghala linaloweza kupanga mzigo upya, badala ya kungoja mizani ya serikali imweleze kosa lake.

Kimo, urefu na ramani isiyofaa

Serikali kuu haijaweka kikomo cha kimo cha malori, hivyo kila jimbo limeamua lake. California inaruhusu futi 14, Nebraska inaruhusu futi 14 na inchi 6, lakini Pennsylvania, New Jersey na New York zinashikilia futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11. Kikomo cha safari nzima, kwa hiyo, ni kile cha jimbo lililo kali zaidi njiani.

Daraja la reli la mjini Durham, North Carolina, limekuwa somo kwa nchi nzima, kwani kwa miaka mingi lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8 tu na liliendelea kukwangua mapaa ya malori licha ya mabango na taa za tahadhari. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado limegongwa tangu wakati huo.

Kandokando ya jiji la New York hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu barabara za mandhari kama Hutchinson River Parkway zilijengwa kwa ajili ya magari madogo, zina madaraja mafupi na haziruhusu malori. Simu inayoelekeza magari madogo haijui kimo cha lori, nayo inaweza kumpeleka dereva huko kwa sababu tu njia hiyo ni fupi.

Jiji lenyewe lina mtandao wake wa njia za malori na kikomo chake cha urefu, na trela la futi 53, ambalo ni la kawaida kwingineko nchini, linaruhusiwa kwa masharti katika barabara chache zilizotajwa. Msafirishaji anayekubali mzigo wa Bronx anapaswa kuthibitisha mapema njia ya kuingilia, kibali kinachohitajika na ukubwa wa trela linalofaa, maana kugeuza lori la aina hiyo katika mtaa mwembamba usiku wa manane ni hatari kwa kila aliye karibu.

Milima, theluji na upepo

Kutoka Sacramento, karibu na usawa wa bahari, I-80 hupanda hadi mita 2,200 hivi katika kilele cha Donner, kisha hushuka kuelekea Reno. Theluji inapoanguka, mamlaka za California hutangaza viwango vitatu vya masharti ya minyororo ya matairi, na lori lisilo na minyororo linaweza kuzuiwa chini ya mlima kwa saa nyingi.

Wyoming ina mtihani wake. Karibu na Laramie barabara hufikia mita 2,633 katika kilele cha Sherman, mahali pa juu kuliko pote kwenye I-80, na kati ya Laramie na Rawlins upepo huvuma kwa nguvu inayoweza kulipindua trela tupu au lenye mzigo mwepesi. Jimbo hilo huyazuia magari marefu yenye uzito mdogo upepo ukizidi, na mara kwa mara hufunga barabara yote.

Kushuka mlima kunahitaji mpango kuliko kupanda. Katika hali nzuri, lori lililopakia linaloenda maili 65 kwa saa linahitaji karibu mita 160 ili lisimame, ilhali gari dogo linahitaji chini ya mita 100. Breki zikitumika mfululizo kwenye mteremko hupata joto na kupoteza nguvu, na ndiyo maana dereva hutakiwa kupunguza gia akiwa bado juu, kuitegemea breki ya injini, na kujua zilipo njia za dharura za changarawe zinazosimamisha gari lililoshindwa.

Ajali ya Aprili 2019 huko Lakewood, Colorado, kwenye mteremko wa barabara ya 70, iliua watu wanne baada ya lori lililopoteza breki kupita njia ya dharura na kuyavamia magari yaliyokuwa kwenye foleni. Dereva kijana alihukumiwa miaka 110 gerezani, na baada ya mamilioni ya watu kutia saini ombi la kupinga ukali wa adhabu hiyo, gavana aliipunguza kuwa miaka 10.

Ipo njia mbadala ya kusini, inayopitia Bakersfield, Barstow, Flagstaff na Albuquerque kwa barabara ya 40. Nayo si salama moja kwa moja, kwani Flagstaff iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata theluji, na tena inapita New Mexico, jimbo linalotoza kodi ya uzito na umbali kwa malori makubwa. Kubadili njia kwa sababu ya hewa, basi, ni kubadili pia hati zinazotakiwa.

Sheria humwongezea dereva saa 2 akikutana na hali mbaya ambayo haikujulikana wala haikutarajiwa kabla ya kuondoka. Theluji iliyotangazwa tangu jana haiingii humo. Aliyeipuuza taarifa ya hali ya hewa hawezi kuitumia baadaye kama kinga.

Mahali pa kulala

Saa zinapokwisha, lori lazima liwe mahali halali na salama, na hapo ndipo mipango mingi inapovunjika. Uchunguzi wa serikali kuu wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nchi nzima ina nafasi zipatazo 313,000 za kuegesha malori, nyingi zikiwa katika vituo vya binafsi, na asilimia 98 ya madereva waliohojiwa walisema wanapata shida ya kupata maegesho salama.

> Asilimia 98 ya madereva waliohojiwa mwaka 2019 walisema wanapata shida ya kupata maegesho salama.

Sheria iliyozaa uchunguzi huo ilipitishwa mwaka 2012 na huitwa kwa jina la Jason, kwa kumbukumbu ya dereva Jason Rivenburg, aliyeporwa na kuuawa mwaka 2009 jimboni South Carolina akiwa ameegesha katika kituo cha mafuta kilichoachwa, akisubiri kupeleka mzigo wake. Taasisi ya utafiti wa uchukuzi ya Marekani, ATRI, imekadiria kwamba dereva huacha wastani wa dakika 56 za uendeshaji kila siku ili asimame mapema, kabla nafasi hazijajaa.

Vituo vikubwa vipo, na kile cha Iowa 80 mjini Walcott, kilichofunguliwa mwaka 1964, kinaweza kupokea malori yapatayo 900. Lakini kituo kimoja hakitoshi, na mpangaji anapaswa kuandika kwa kila usiku mahali pa kwanza pa kulala na pa pili, akianzia kwenye saa ya mwisho ya kuendesha na kurudi nyuma.

Kodi na hati

Malori makubwa yanayovuka majimbo hulipa kodi ya mafuta kupitia mkataba uitwao IFTA, unaoyaunganisha majimbo 48 ya bara na mikoa 10 ya Kanada. Kila robo mwaka msafirishaji hutoa taarifa ya maili alizoendesha katika kila jimbo na mafuta aliyonunua, kisha kodi hugawanywa kwa kufuata maili. Kujaza mafuta katika jimbo lenye kodi ndogo, kwa hiyo, hakuondoi deni la majimbo mengine, na bei inayofaa kulinganishwa ni ile iliyokwisha tolewa kodi.

Mkataba mwingine, IRP, hugawanya ada ya usajili wa lori kati ya majimbo linamopita. New York huongeza kodi yake ya matumizi ya barabara, na Indiana na Ohio zina barabara za kulipia. Gharama hizi zisipojumlishwa mwanzoni, nauli iliyoonekana nono huisha kabla lori halijafika Hudson.

Pande zinazovutana

Tangu Desemba 2017 madereva wengi wanatakiwa kutumia kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, ambacho hurekodi saa za kuendesha na kuchukua nafasi ya daftari la mkono lililokuwa rahisi kughushiwa. Chama cha kampuni za uchukuzi, American Trucking Associations, kiliunga mkono sharti hilo kwa hoja kwamba linazuia udanganyifu na kuweka ushindani wa haki.

OOIDA, chama cha madereva wanaomiliki malori yao, kilipinga mahakamani bila kufanikiwa, kikidai kwamba kifaa hicho ni ufuatiliaji wa mtu na hakizuii uchovu. Utafiti wa wasomi uliofuata ulionyesha kwamba uvunjaji wa kanuni za saa ulipungua sana, lakini ajali za kampuni ndogo hazikupungua, na makosa ya mwendo kasi yaliongezeka, kwani dereva aliyebanwa na saa hujaribu kuzifidia kwa kukanyaga mafuta.

Matokeo hayo yanaelekeza macho kwenye ghala. Mwaka 2018 mkaguzi mkuu wa wizara ya uchukuzi alikadiria kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka katika wastani wa muda wa kusubiri kupakia au kupakua huongeza kiwango cha ajali kinachotarajiwa kwa asilimia 6.2. Mfano rahisi unaeleza sababu: dereva wa mzigo usio na nafuu ya mazao, anayeanza kazi saa 12 asubuhi na kuachiliwa na ghala saa 5 asubuhi, dirisha lake linafungwa saa 2 usiku, na baada ya mapumziko ya lazima amebaki na saa 8 na nusu za kuendesha, ingawa ahadi ya kufika haikubadilishwa.

Wenye mizigo nao wana hoja yao, kwamba ghala haliwezi kuwapokea wote kwa wakati mmoja na kwamba malori mengi hufika nje ya miadi. Madalali, wanaounganisha mzigo na lori, husema wao hawamwendeshi dereva. Lakini kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2016 inakataza kampuni, mwenye mizigo, mpokeaji na dalali kumshurutisha dereva avunje sheria za usalama, na kanuni nyingine inakataza kampuni kupanga safari ambayo ratiba yake haitimizwi bila kuzidisha mwendo.

Kinachobishaniwa hapa ni maisha ya watu. Mwaka 2023 zaidi ya watu 5,000 walikufa nchini Marekani katika ajali zilizohusisha malori makubwa, na wengi wao hawakuwa ndani ya malori hayo.

Wasemaji wa Kiswahili barabarani

Miongoni mwa madereva hao wamo wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na Rwanda, ambao kwao udereva wa masafa marefu umekuwa mlango wa riziki. Kanuni ya siku nyingi inayomtaka dereva aweze kusoma mabango na kuzungumza na maofisa kwa Kiingereza ilikazwa upya kwa amri ya rais ya 28 Aprili 2025, na tangu 25 Juni mwaka huo dereva anayeshindwa kuitimiza anaweza kusimamishwa papo hapo barabarani.

Kwa dereva wa namna hiyo, matayarisho yanapaswa kujumuisha maneno ya mabango ya theluji, upepo, mizani na kimo cha madaraja, pamoja na uwezo wa kumweleza mkaguzi mzigo ni nini, unatoka wapi na unakwenda wapi. Mtu aliyeipanga safari yake mwenyewe huyajibu maswali hayo kwa urahisi kuliko aliyekabidhiwa anwani tu.

Wajibu ugawanywe

Ushahidi unaelekea upande mmoja. Marekani imefanikiwa kuweka kikomo cha saa za dereva na kuzipima kwa mashine, lakini haijafanikiwa kuwabana kwa kiwango hichohicho wale wanaozitumia saa hizo. Maadamu kusubiri ghalani ni bure na maegesho ni haba, dereva ataendelea kubebeshwa gharama ya ratiba asiyoipanga, na wasafiri wengine watashiriki hatari hiyo bila kujua.

Inafaa muda wa kusubiri ulipwe tangu saa ya miadi, nafasi za kuegesha zijengwe kandokando ya njia kuu kwa fedha za umma, na mkataba wa kila mzigo uambatane na hesabu ya saa, njia, uzito na mahali pa kulala, iliyotiwa saini na dalali na kampuni pamoja na dereva.

Hadi hayo yatakapofanyika, dereva hana budi kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kukubali mzigo, na isipotimia aukatae kwa maandishi na kutunza nakala, kwa kuwa sheria inayokataza kushurutishwa inampa haki ya kulalamika kwa FMCSA. Kampuni inayomheshimu itampa ratiba nyingine. Ile itakayomtisha imeonyesha kwamba haistahili kukabidhiwa lori barabarani, na wenye mizigo wanaojali maisha ya watu wanapaswa kuacha kuipa kazi.